Watoto 3,141 na dripu ya haraka: utafiti ambao kampuni ya dawa isingeugharamia

MwanaBonde (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kwenye uzi mmoja wa afya mdau aliandika kwamba pesa za umma zinazopelekwa kwenye utafiti hospitalini huishia kwenye posho na semina, na kwamba kila kitu cha maana katika tiba kimeletwa na makampuni. Sikutaka kumjibu kwa mistari miwili. Kuna utafiti uliofanyika katika hospitali zetu za Afrika Mashariki, Hospitali Teule ya Muheza ikiwemo, na hata hapa Tanga wengi hawaujui. Ni uzi mrefu, naomba uvumilivu.

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu analetwa hospitali na homa kali. Amelegea, hajitambui vizuri, au anahema kwa shida. Unagusa miguu yake, ya baridi. Unambonyeza kucha na kuachia, damu inachelewa kurudi, sekunde tatu au zaidi. Mapigo ya mkononi ni dhaifu na moyo unakimbia. Hiyo ndiyo shoku: damu haifiki mwilini inavyotakiwa. Kwa miaka mingi vitabu vya tiba vya Ulaya na Marekani vilifundisha kwamba mtoto huyo atundikiwe dripu ya haraka, mililita 20 kwa kila kilo ya uzito wake ndani ya muda mfupi, na ikibidi arudiwe. Maelezo yake yanaingia akilini kirahisi: mishipa imepungukiwa, ijaze.

Tatizo ni kwamba mazoea hayo yalikua katika hospitali zenye wodi za uangalizi maalumu na mashine za kupumulia. Hakuna aliyekuwa amepima kwa utafiti mkubwa kama yanafaa kwa mtoto mwenye malaria kali au maambukizi ya damu katika wodi isiyo na mashine hizo. Na hospitali nyingi za Afrika hazikuwa zikitoa dripu ya namna hiyo kama kawaida. Wengine waliona hilo ni pengo la huduma, kwamba watoto wetu wanakufa kwa kukosa kitu rahisi kama maji ya chumvi.

Profesa Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyefanya kazi Kilifi kwa miaka mingi, pamoja na wenzake wa Kenya, Uganda na Tanzania, wakaamua kupima. Utafiti uliitwa FEAST. Ulianza Januari 2009 katika hospitali sita: Kilifi, Teule Muheza, na nne za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor kule Gulu. Aliyegharamia ni Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, chombo cha serikali kilichopo tangu 1913 na kinachoendeshwa kwa kodi ya wananchi wao. Maji yenyewe yalitolewa kama msaada na kampuni ya Baxter.

Watoto waligawanywa makundi matatu kwa bahati nasibu. Bahasha zisizoonyesha ndani zilipangwa kwa namba na kufunguliwa kwa mfuatano, ili daktari asichague nani apate nini. Kundi la kwanza lilipewa dripu ya haraka ya albumini, protini inayotokana na damu. La pili dripu ya haraka ya maji ya chumvi ya kawaida. La tatu halikupewa dripu ya haraka, bali maji ya kiwango cha kawaida ya kumtunza mtoto asiyeweza kunywa. Makundi yote yalipata dawa za malaria, antibayotiki, oksijeni, sukari ikishuka, na damu kwa aliyepungukiwa sana.

Wengi walitarajia kundi la tatu liwe na vifo vingi zaidi. Haya ndiyo yaliyotokea ndani ya saa 48:

Albumini: walikufa 111 kati ya 1,050, asilimia 10.6.
Maji ya chumvi: walikufa 110 kati ya 1,047, asilimia 10.5.
Bila dripu ya haraka: walikufa 76 kati ya 1,044, asilimia 7.3.

Dripu ya haraka iliongeza vifo vya watoto zaidi ya watatu katika kila mia. Haikujalisha ni aina gani ya maji. Baada ya wiki nne tofauti ilikuwa bado ipo. Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikikagua takwimu ilishauri usajili usimamishwe kabla ya kufika watoto 3,600 waliopangwa, na majibu yakachapishwa mwaka huohuo katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine.

Sasa turudi kwenye pesa. Maji ya chumvi ni gramu 9 za chumvi katika lita moja ya maji. Hayana hataza, yaani hakuna kampuni yenye haki ya pekee ya kuyatengeneza. Swali la utafiti lilikuwa je, kutotoa kitu hiki kwa haraka ni bora kuliko kukitoa? Jibu likija "punguza", hakuna bidhaa ya kuuza. Kampuni inawajibika kwa wenye hisa, na silaumu hilo, lakini mwenye hisa hawezi kulipa mamilioni ili auziwe jibu la kwamba chupa zibaki stoo. Swali la aina hiyo lina mlipaji mmoja tu wa uhakika: umma. Ndiyo sababu nimeleta uzi huu.

Nesi_Zamu

Asante mleta uzi. Mimi ni muuguzi wa watoto, na naomba niongeze kitu ambacho mtu wa nje ya wodi hawezi kukiona.

Sababu iliyotufanya sote tuiamini dripu ya haraka ni kwamba unaona inafanya kazi. Unatundika, baada ya muda miguu inaanza kupata joto, mapigo yanashikika, mama anakuangalia anashukuru. Unamwambia daktari "anarudi". Nilipoelezwa majibu ya FEAST mara ya kwanza nilikataa kabisa, nikasema walikosea kuhesabu.

MwanaBonde

Dada Nesi_Zamu, umegusa sehemu inayoniumiza kichwa kuliko zote.

Watafiti walirudi kwenye takwimu zao kuangalia jambo hilohilo na wakalichapisha mwaka 2013. Baada ya saa moja, dalili za shoku zilikuwa zimeondoka kwa asilimia 43 ya watoto waliopewa dripu ya haraka, na asilimia 32 ya wale ambao hawakupewa. Kwa hiyo macho yenu hayakukosea. Miguu ilipata joto kweli. Lakini watoto wa makundi ya dripu wakaendelea kufa zaidi, na wengi wa waliokufa walikufa ndani ya siku ya kwanza. Walipochunguza namna ya vifo, ziada kubwa haikuwa ya mapafu kujaa maji kama wengi walivyodhani. Ilikuwa moyo na mzunguko wa damu kuanguka baadaye.

Fikiria maana yake. Muuguzi mwenye uzoefu wa miaka 30, makini, mwenye huruma, angeweza kuhudumia maelfu ya watoto na asiuone ukweli huu hata siku moja. Vifo 7 katika mia na vifo 10 katika mia, ukiwa peke yako wodini, vinafanana. Kila mtoto alikuwa mgonjwa mahututi, kila kifo kina maelezo yake. Tofauti inaonekana pale tu unapokuwa na watoto elfu kwa elfu, wamegawanywa bila upendeleo, na mtu mwingine anahesabu. Hakuna njia ya mkato, na njia hiyo ni ghali.

Mama_Wawili

Samahani wataalamu, mmenitisha. Mwanangu mwaka jana aliharisha na kutapika siku mbili, macho yakaingia ndani, tulipofika hospitali akatundikiwa dripu haraka haraka na akapona. Mnasema walimhatarisha?

MwanaBonde

Hapana mama, na asante sana kwa kuuliza, maana hapa ndipo watu wanaweza kupotoshwa.

Watoto wenye kuharisha na kutapika HAWAKUINGIZWA kwenye utafiti huu. Mtoto wa aina hiyo amepoteza maji kweli, na kumrudishia ndiyo tiba yake, kwa mdomo akiweza, kwa mshipa akiwa amezidiwa. Hawakuingizwa pia wenye utapiamlo mkali, wala wenye shoku isiyotokana na maambukizi. FEAST ilihusu mtoto mwenye homa kali na dalili za mzunguko wa damu kudhoofika, ambaye hajapoteza maji kwa kuharisha. Zaidi ya nusu yao walikuwa na malaria.

Kwa hiyo asitokee mtu akasoma uzi huu akaenda kumkatalia daktari dripu. Mwanao alitibiwa sawasawa.

Kijana_wa_Tandale

Mkuu umeandika vizuri, lakini mimi nasoma kitu kingine. Wazungu wametoa pesa, watoto waliokufa ni wetu. Kwa nini hawakufanya majaribio hayo London? Huku ni kufanya watoto wa maskini panya wa maabara. Na mama aliyebeba mtoto anayekata roho anaelewa nini kuhusu bahasha na makundi?

MwanaBonde

Mkuu, swali lako ni la haki na nitalijibu vipande vipande.

Kwa nini si London: mtoto mwenye malaria kali, damu imepungua sana (karibu theluthi moja ya watoto wa FEAST walikuwa na hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, chini ya gramu 5 kwa desilita), yuko wodi isiyo na mashine ya kupumulia, hapatikani London. Kuchukua jibu la London na kulitumia Muheza bila kupima ndilo jaribio lenyewe, ila halina bahasha, halina anayehesabu, na halina kamati ya kulisimamisha. Hatari ilikuwa njiani inakuja kama huduma bora. Kungekuwa na kampeni ya kusambaza dripu ya haraka Afrika nzima kwa nia njema, na leo tusingejua.

Kuhusu kundi lisilopewa dripu: hilo ndilo lililokuwa likipata matibabu ya kawaida ya hospitali zetu wakati ule. Hakuna aliyenyang'anywa alichokuwa akipata.

Kuhusu ridhaa, hapa nakubaliana nawe kwamba ni pagumu. Mama anayeona mwanawe anazama hawezi kusikiliza maelezo ya nusu saa, na kumlazimisha asikilize ni ukatili. Kamati za maadili za nchi zote zilizohusika, pamoja na ya chuo cha Imperial cha London, ziliruhusu kwa hali za dharura mzazi aelezwe kwa kifupi na kukubali kwa mdomo, kisha ridhaa kamili ya maandishi iombwe mtoto akishatulia. Mimi naona ulikuwa uamuzi wa kiutu kuliko kumpa karatasi ya kurasa tano kwenye mlango wa dharura. Wapo wanaoona tofauti, na sioni ubaya mjadala huo ukiendelea, ila uendeshwe na sisi wenyewe.

Mpwani_Kilifi

Hamjambo ndugu zangu wa Tanga. Mimi ni wa huku Kilifi, nimeona kijana wa Tandale ameuliza kitu ambacho hata huku kimeulizwa sana.

Kituo cha utafiti hapa, cha KEMRI (taasisi ya taifa ya Kenya ya utafiti wa tiba) na Wellcome Trust (mfuko wa hisani wa Uingereza), kipo tangu 1989, ndani ya hospitali yetu. Miaka ya mwanzo uvumi ulikuwa mwingi, hasa habari za damu: kwamba zachukuliwa na kupelekwa kusikojulikana. Haukuisha kwa kuwaita watu wajinga. Kilichosaidia ni kuwa na wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa na wanavijiji wenyewe, wakutane na watafiti, waulize maswali magumu, warudi kueleza nyumbani. Uvumi haujaisha wote, lakini sasa mtu ana pa kuuliza.

Langu lingine ni hili. Hospitali yetu ilikuwa ya wilaya, sasa ni ya kaunti. Haina sifa ya hospitali kubwa ya Nairobi. Lakini takwimu zilizobadilisha vitabu vya madaktari dunia nzima zilitoka pia hapa. Watoto wetu shuleni hawafundishwi hilo.

Mlipakodi

Hoja ya mleta uzi nimeielewa, lakini ina shimo. Umma uliolipa ni wa Uingereza. Sisi tumelipa nini? Na kama jibu lilikuwa zito hivyo, lilifika wodini lini?

MwanaBonde

Mkuu Mlipakodi, nianze na la pili.

Mwezi Novemba 2010 ulichapishwa utafiti mwingine mkubwa, AQUAMAT, uliolinganisha sindano ya atesuneti na kwinini kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika. Teule Muheza ilikuwemo, Korogwe pia. Kwa kwinini walikufa asilimia 10.9, kwa atesuneti asilimia 8.5. Huo uligharamiwa na mfuko wa hisani wa Wellcome Trust. Mwaka uliofuata, 2011, Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake: atesuneti kwanza. Haraka na vizuri.

FEAST ilichapishwa Mei 2011. Kitabu cha mfukoni cha shirika hilohilo kilichotoka 2013 kiliendelea kuelekeza dripu ya haraka kwa mtoto mwenye shoku. Mwongozo uliobadilika kweli, unaosema mtoto mwenye homa na dalili moja au mbili tu za mzunguko dhaifu asipewe dripu ya haraka, ulitoka 2016. Miaka mitano. Wapo madaktari walioshikilia kwamba majibu hayo hayahusu wagonjwa wao, na mabishano yakawa marefu.

Kwa maoni yangu tofauti hiyo ina sababu. "Anza kutumia dawa mpya" ina watu wa kuisukuma: mtengenezaji, msambazaji, mfadhili anayetaka kuhesabu vichupa vilivyogawiwa. "Acha kufanya jambo ulilolizoea" haina wa kuisukuma. Kwa hiyo umma unatakiwa kulipia jibu, halafu ulipie pia kazi ya kulifikisha wodini, na hiyo ya pili husahaulika kwenye bajeti.

Sasa la kwanza, kwamba sisi tumelipa nini. Linaniuma kwa sababu jibu ni: mishahara ya baadhi ya watumishi, majengo, na wagonjwa. Vyombo tunavyo. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1979, mwaka uleule Kenya ilipounda KEMRI. Tuna COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na mfuko wake wa kugharamia utafiti, MTUSATE. Mwaka 2008 mjini Algiers nchi za Afrika zilikubaliana kutenga angalau asilimia 2 ya bajeti ya afya kwa utafiti. Anayelipa ndiye anayechagua swali. FEAST tulibahatika: swali lilitoka kwa watu walioishi wodini Kilifi, wakampata mlipaji wa mbali aliyekubali. Yako maswali mangapi ya wauguzi wa hospitali za Bombo hapa Tanga au Ligula kule Mtwara ambayo hayajampata mlipaji?

Nesi_Zamu

Hapo kwenye maswali ya wauguzi ngoja niseme.

Mradi wa utafiti ukiingia wodini, wodi inabadilika. Nimewahi kufanya kazi sehemu ulikokuwepo (siitaji). Mgonjwa anapangwa kwa uzito wa hali yake mara tu anapofika, oksijeni ipo, kipimo cha sukari kipo usiku kucha, kuna mtu wa kurekodi mapigo kila baada ya muda. Watoto wanapona wengi zaidi hata kabla hujajua jibu la utafiti. Halafu mradi unaisha. Mikataba ya wale vijana inaisha, betri za mashine zinakufa, fomu zinaisha, na tunarudi muuguzi mmoja kwa vitanda thelathini. Hilo nalo ni majibu ya utafiti, mbona halichapishwi?

MwanaBonde

Dada, lilionekana hata kwenye FEAST. Vifo vilikuwa vichache kuliko walivyokadiria mwanzoni, ikabidi idadi ya watoto iongezwe kutoka 2,880 hadi 3,600 ili tofauti iweze kuonekana. Watafiti wenyewe walitaja mafunzo, upangaji wa wagonjwa wanapofika na huduma za msingi kama sababu. Maana yake tiba nzuri kuliko zote ndani ya utafiti ule ilikuwa uangalizi, na hiyo tunaweza kuilipia sisi bila kusubiri mtu.

Nikiwa mjumbe wa kamati yoyote ningeandika sharti moja: mradi wa miaka miwili usiingie wodini bila mpango wa maandishi wa nani atawalipa wauguzi na kununua vifaa mwaka wa tatu. Halmashauri ikisema haiwezi, ijulikane mapema.

Kijana_wa_Tandale

Mkuu nimekusoma, bado nina wasiwasi wangu lakini nimeelewa zaidi. Baada ya dripu kuondolewa, hao watoto wanapewa nini sasa? Au jibu lilikuwa "acheni" tu?

MwanaBonde

Swali zuri, na ndilo lililozaa utafiti uliofuata. Kwa kuwa wengi walikuwa na damu pungufu, watu walewale wakajiuliza kuhusu damu yenyewe: apewe lini na kiasi gani? Utafiti wa TRACT ulifanyika Mulago, Mbale, Soroti na Blantyre nchini Malawi, kwa pesa za umma wa Uingereza tena, na ukachapishwa 2019. Kwa watoto 1,565 waliokuwa na hemoglobini kati ya 4 na 6 bila dalili za hatari, kuwaongezea damu papo hapo hakukupunguza vifo ikilinganishwa na kuwasubiri kwa uangalizi na kuwapa pale tu walipohitaji. Hilo ni jambo kubwa kwa hospitali inayopigania chupa moja ya damu. Kuhusu kiasi, mililita 20 au 30 kwa kilo, kwa watoto 3,196 kwa jumla hapakuwa na tofauti ya uhakika, lakini asiye na homa alielekea kufaidika na 30, na mwenye homa na 20. Kipimajoto kinaweza kumsaidia daktari kuamua kiasi cha damu. Hilo nalo hakuna kampuni ingelipia.

Mama_Wawili

Naomba la mwisho. Siku nikiombwa mwanangu aingie utafiti, niulize nini?

MwanaBonde

Uliza ni nani analipa, na ni kamati gani ya maadili imeupitisha. Kwa Tanzania bara lazima kuwe na kibali cha kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR. Uliza mtoto atapata nini akiwa ndani na angepata nini akiwa nje. Uliza nani anahesabu madhara na kama ana uwezo wa kuusimamisha. Uliza ukijitoa katikati matibabu yataendelea, na jibu sahihi ni ndiyo, bila sharti. Na waambie waandike namba yako ya simu, ili majibu yakitoka wakupigie.